Pembeni mwa Mlango

Mume wa mpiga pasi alikuwa na jina lake la kuzaliwa, lakini mtaa mzima ulimwita Nitajaribu, kwa sababu hakuna kitu kilichoharibika ambacho aliwahi kukikataa. Feni ya jirani, jiko la gesi, saa ya ukutani, hata meno ya bandia ya mzee mmoja wa barabara ya pili: alipokea, akageuzageuza, akasema, "Nitajaribu." Vingine vilipona. Vingine vilizikwa kimyakimya nyuma ya nyumba. Kwa hiyo Jumamosi ile alipoingia na boksi jeupe kwapani na kutangaza kwamba ameleta kengele ya mlango yenye kamera, mkewe hakujua acheke au aanze kusali.

"Mtu akifika hapa mlangoni, simu yako inakuita," alieleza huku akifungua boksi kwa meno, mkasi ukiwa mezani mbele yake. "Unamwona. Unaongea naye. Hata kama uko kazini, hata kama uko mwezini."

"Na yeye ananisikia?"

"Anakusikia kama vile umesimama mbele yake."

Mpiga pasi alivuta kiti akakaa. Hilo ndilo alilokuwa akilitaka, na hilohilo ndilo lililomtia hofu.

Shangazi yake alikuwa amempigia simu jana yake. Shangazi huyo hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. "Kaka yako anahama. Amepata kazi mbali, na njiani atapitia kwako, wiki hii inayoingia. Siku gani usiniulize, hata mimi sijaambiwa." Mpiga pasi alipoomba nambari ya simu, shangazi alikataa katakata. "Kasema hataki maneno ya simu. Mlivunjana uso kwa uso, mtaungana uso kwa uso. Na akikukosa hapo, mwanangu, mimi sijui kama atarudi tena."

Nyumba waliyokaa ilikuwa ya mama. Mpiga pasi na kaka yake walizaliwa humo, na mlango ulikuwa uleule, umebadilishwa rangi tu. Mama alipofariki, watu walikuja, jeneza likatolewa, wakaenda makaburini, wakazika, wakarudi. Kaka hakuonekana. Ndipo, watu wakiwa wamekaa uani na vikombe mikononi, kaka akatokea mlangoni kama mtu aliyetumwa sukari. Mpiga pasi alisimama kizingitini akamzuia. Alimwambia mbele ya wajomba na majirani kwamba mama alimwita mpaka sauti ikamkauka, kwamba mtoto wa kiume mmoja ameshindwa hata kushika koleo. Akamalizia kwa kumwambia, "Geuka ulikotoka." Kaka aligeuka.

Mwaka wa kwanza hasira hiyo ilikuwa tamu, kama zilivyo hasira zote za mwenye haki. Aliisimulia kwa kila aliyeuliza na kwa wengine wasiouliza. Mwaka wa pili ikaanza kupoteza ladha. Sasa ulikuwa wa tatu, na kila aliposema "alichelewa kumzika mama yake" alijisikia kama mtu anayetafuna kitu kilichokwisha utamu zamani. Alimtaka kaka yake. Hakuwa na mwingine.

Ruhusa kazini aliomba, akanyimwa. Kiwanda cha kufulia nguo za hoteli kilikuwa kimepokea vitambaa vya meza vya mkutano mkubwa, na msimamizi alisema kama kuna mtu wa kukosa wiki hiyo, basi awe maiti. Nitajaribu naye alikuwa gereji kutwa nzima. Ufunguo angeweza kumwachia jirani wa mkabala, lakini jirani huyo aliitwa Mama Redio, na jina hilo hakupewa kwa bahati mbaya. Kaka angefika, na kabla hajaweka begi chini angekuwa ameulizwa ukoo, mshahara, na sababu ya ugomvi.

"Huyo ndiye kamera yenyewe," Nitajaribu alitania. "Wala hataki kuchajiwa."

Jumapili kengele ikafungwa. Nitajaribu alitoboa ukuta, tundu la kwanza likaenda upande, akatoboa la pili, la kwanza akaliziba kwa sabuni akidai ni dawa maalumu. Akafunga skrubu. Akaingiza neno la siri la intaneti, likakataa, akaliingiza tena polepole akilitamka kwa sauti, mpaka Mama Redio akachungulia dirishani kwake na neno la siri likawa si la siri tena. Hatimaye taa ndogo ya buluu ikawaka. Alitoka nje, akafunga mlango nyuma yake, akabonyeza.

Simu ikaita jikoni. Mpiga pasi alipoifungua aliona pua ya mumewe imejaa kioo kizima, na nyuma ya pua, mbali kidogo, njia ya kuingilia, kipande cha ukuta na geti.

"Unaniona?"

"Naona matundu mawili," alisema.

Alicheka, kwa mara ya kwanza tangu simu ya shangazi. Kisha akajiwazia uso wa kaka yake pale penye pua, na kicheko kikaisha.

Jumatatu hakupumua. Kiwandani simu zilikatazwa, lakini aliificha kwenye mfuko wa aproni, na simu ilitetemeka tangu alipowasha pasi. *Kuna kitu mlangoni.* Roho ikampaa, akaiweka pasi kando, akachungulia: paka. Akarudi kwenye kitambaa. *Kuna kitu mlangoni.* Gari la taka limepita barabarani. *Kuna kitu mlangoni.* Kivuli cha nguo alizoanika mwenyewe asubuhi. Kila mara moyo ulikimbilia mlangoni, na kila mara ukarudi mikono mitupu. Kufika jioni alikuwa akipapasa mfuko hata simu ikiwa imetulia, na wenzake kwenye meza ya kukunjia walianza kumuuliza kama ana mgonjwa nyumbani.

"Imekuwa na macho ya pilipili hiyo," Nitajaribu alisema jioni. "Nitajaribu kuipunguza." Akaketi na simu, akachora kwa kidole kijisanduku kwenye picha ya kamera. "Sasa haijali barabara, haijali geti, haijali nguo. Inaamka mtu akifika hapa kwenye zulia la mlangoni tu. Pembeni kote nimekukatia."

Jumanne ilikuwa nafuu mpaka alipofika muuza dawa ya mende. Huyo hakubonyeza chochote. Alijipanga mbele ya mlango, akagundua kamera, akafurahi kama aliyekutana na ndugu, akaanza kuisomea faida za dawa yake. Mpiga pasi aliinama chini ya meza akimnong'oneza kwamba hawana mende. Muuzaji akasema hao ndio wabaya zaidi, wasioonekana. Walipofika kwenye kunguni, pua ya mpiga pasi ilinusa. Alipoinuka, pasi ilikuwa imeacha alama ya kahawia katikati ya kitambaa cheupe cha hoteli, kubwa kama kiganja.

Msimamizi alisimama pale akiitazama alama, halafu akaitazama simu. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, na alipokasirika sauti ilizidi kuwa ndogo. "Kuanzia kesho," alisema, "simu yako inakaa kwenye droo yangu mpaka mapumziko."

Alifika nyumbani akiwa amevimba. Alimrushia mumewe kila lawama iliyokuwa karibu: kengele, kamera, mende, mwanadamu aliyevumbua intaneti. Nitajaribu alimwacha amalize, kisha akasema kuna dawa ya hilo pia. Kengele inaweza kujibu yenyewe. Anayebonyeza atasikia ujumbe wake, na anayesimama tu bila kubonyeza atasikia wake.

"Mgeni wa kweli anabonyeza," alisema. "Anayesimamasimama ni mpita njia. Rekodi mbili, tumalize."

Mpiga pasi alifikiri kidogo, akaona ni kweli. Kaka angebonyeza. Si kipofu, na kile kitufe kiling'aa hata mchana. Ujumbe wa wanaobonyeza aliurudia mara nyingi mpaka sauti ikawa laini vya kutosha: yuko kazini, anarudi jioni, tafadhali angojee, tafadhali sana. Ule wa wasiobonyeza haukuhitaji mazoezi. Alishika simu, akamuwaza muuza dawa, akawaza alama ya kahawia, na maneno yakatoka yamenyooka kama yalikuwa yamepanga foleni mdomoni: "Nimekuona. Hapa hakuna mtu anayekuhitaji. Geuka ulikotoka."

Nitajaribu alimtazama, akaihifadhi rekodi. Alikuwa mtu wa vifaa, hakuwa mtu wa kuingilia maneno ya mkewe.

Jumatano simu ikaingia kwenye droo. Droo ilikuwa ya chuma, na meza ya msimamizi ilikuwa upande wa pili wa mashine za kukaushia, lakini kuna mambo masikio huyasikia kwa sababu yanayangojea. Asubuhi ilipokuwa imekomaa, droo ikanguruma. Mpiga pasi aliinua kichwa. Ikanyamaza. Akapiga pasi mkunjo mmoja, akaona ameupiga juu ya mkunjo mwingine, akarudia. Droo ikanguruma tena, kwa muda mrefu zaidi. Msimamizi alikuwa anahesabu mashuka na hakugeuka.

"Labda ni paka," alimwambia mwenzake.

"Paka gani?" mwenzake aliuliza.

Mpiga pasi aliendelea na vitambaa, kimoja baada ya kingine, na kila alichokikunja alikikunja vibaya. Alijiambia kwamba kama ni kaka, amebonyeza, amesikia ile sauti laini, amekaa kizingitini anangoja. Alijiambia hivyo mpaka maneno yakaisha maana. Mvuke ulikuwa unamwingia machoni, au ndivyo alivyosema alipoulizwa.

Mapumziko yalipogongwa alikuwa wa kwanza mbele ya droo. Msimamizi alimpa simu. Alikimbilia ngazi za nyuma, zile za kupakulia mizigo, akakaa, akafungua.

Kwenye video hakukuwa na mtu. Kulikuwa na zulia la mlangoni, njia, kipande cha ukuta. Kisha, kwenye ukingo kabisa wa picha, akauona mkono wa shati la kijivu, kuanzia kiwiko, umeshika begi la safari lililoning'inia juu ya zulia. Mwenye mkono alikuwa amesimama kando, mgongo ameupa mlango.

"Hodi," ikasema sauti.

Mpiga pasi aliziba mdomo. Aliijua sauti ile kabla hajajua kusoma.

"Hodi hapa." Begi likahamishwa mkono. "Hodi, wenyewe."

Mama yao alikuwa na sheria zake za mlangoni, na aliwafundisha wote wawili kwa kuwavuta masikio. Usisimame katikati. Usichungulie ndani. Usiguseguse kitu kilicho kwenye ukuta wa watu. Kaa pembeni, wape mgongo, piga hodi, ngoja. Mpiga pasi mwenyewe mpaka leo alisimama hivyo kwenye milango ya watu. Na alikuwa amemtegea mtoto wa mama huyo kitufe cha kubonyeza. Kwenye mlango wa nyumba aliyozaliwa.

Hapo kengele ikaongea. Aliisikia sauti yake mwenyewe, kali, imenyooka, haina hata kikohozi: "Nimekuona. Hapa hakuna mtu anayekuhitaji. Geuka ulikotoka."

Mkono wa shati la kijivu ulitulia. Mpiga pasi, kwenye ngazi za kiwanda, alisema "hapana" kwa nguvu, kama vile jambo lilikuwa bado halijatendeka.

"Haya, mdogo wangu," sauti ya kaka ilisema polepole. "Nimesikia."

Mkono ukatoka kwenye picha. Video ikaisha.

Alirudi ndani akivua aproni. Msimamizi alikuwa anafungua chombo chake cha chakula. "Unakwenda wapi na wewe? Vile vitambaa vinachukuliwa leo."

"Kaka yangu. Nimemfukuza."

"Lini?"

"Miaka mitatu iliyopita. Na leo asubuhi."

Msimamizi alimkazia macho, akaona kwamba hapo hakuna utani. Akafunika chombo chake. "Nenda," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Nitapiga pasi mimi."

Kiwanda hakikuwa mbali na nyumbani, lakini siku hiyo njia ilirefuka kwa makusudi. Alipita maduka ya spea, akapita ukuta mrefu wa shule, akitembea mbio na kukimbia nusunusu. Alimpigia shangazi, shangazi hakupokea. Akafungua kamera. Zulia. Njia. Ukuta. Hakuna hata paka. Akabonyeza kile kipaza sauti kidogo kwenye kioo, na bila kupanga akaanza kuongea na zulia.

"Kaka. Kama uko karibu, ile si mimi. Ni mimi, lakini haikuwa yako. Nilimrekodia mtu wa mende." Alikosa pumzi, akaendelea. "Lakini ile ya kwanza ilikuwa yako. Ya siku ya mama. Ile nilikwambia wewe, mbele ya watu, na nilikusudia. Nimeijutia, kaka. Nimechoka kuwa na haki. Kama unanisikia usiende."

Mtu aliyebeba magodoro kichwani alisimama, akadhani anaambiwa yeye. Mpiga pasi alimpita. Simu ilikuwa kimya. Zulia lilikuwa kimya. Hakuna aliyejibu, na alipoona machozi yamefika kwenye kioo akaitia simu mfukoni akakimbia kabisa.

Mlangoni hapakuwa na mtu. Alisimama katikati ya njia akitazama huku na huku kama aliyepotelewa na mtoto. Alitaka kukimbilia stendi, akakumbuka hajui hata anasafiri kwa gari gani, kwenda upande gani.

Dirisha la mkabala likafunguka. "Unamtafuta mgeni wako?" Mama Redio aliuliza.

"Umemwona? Ameelekea wapi?"

"Nimemwona akiingia. Kutoka sijamwona."

"Mama, nimeona kwenye kamera ameondoka."

"Hiyo kamera yako ina shughuli zake," Mama Redio alisema, na alikuwa ameudhika kidogo. "Mimi nimekaa hapa tangu asubuhi. Hajapita mtu."

Mpiga pasi aligeuka taratibu. Upande wa kushoto wa nyumba kulikuwa na kichochoro chembamba kati ya ukuta na uzio, penye tangi la maji na makorokoro ya Nitajaribu. Alizunguka kona.

Kaka yake alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya tangi, begi mapajani. Nywele zilikuwa zimeingia mvi upande mmoja. Alimtazama dada yake kuanzia viatu mpaka juu, taratibu, kama mtu anayehakikisha kwamba hii si rekodi.

"Hukuondoka," mpiga pasi alisema.

"Nilitaka. Miguu ilikataa."

"Nimeongea nawe. Sasa hivi, njiani. Hukusikia?"

"Nimesikia kila neno."

"Mbona hukunijibu?"

"Nilishajibu ukuta mara moja leo," alisema kaka. "Nikaona mara ya pili majirani wataniitia daktari."

Mpiga pasi alicheka na kulia kwa pamoja, jambo ambalo halimpendezi mtu yeyote usoni. Alimwambia ainuke waingie ndani, amwekee maji, anywe chai, apumzike. Kaka hakuinuka. Alikuwa ameshika mishikio ya begi kwa nguvu.

"Ngoja kwanza. Nikiingia ndani sitaweza kusema." Alitazama tangi. "Wewe unawaambia watu nilichelewa kumzika mama."

"Sitasema tena. Yameisha, kaka."

"Sikuchelewa."

Mpiga pasi alijifuta machozi amwone vizuri.

"Nilifika alfajiri, kabla ya watu. Mlango ulikuwa wazi, nikasikia mnamwandaa. Nikasema nivute pumzi kidogo, halafu niingie. Nikaja huku." Aligusa ukuta kwa kiganja, chini kidogo ya dirisha la chumba kilichokuwa cha mama. "Nilikaa hapa hapa. Nikasikia watu wakifika. Nikasikia jeneza likitoka. Nikakusikia ukilia, nikasikia unauliza kila mtu kama ameniona. Nilikuwa hapa, mdogo wangu. Nilishindwa kuzunguka ukuta nikamwone amelala. Mliporudi ndipo nikapata nguvu ya kuja mlangoni, na wewe ulikuwa umesimama pale."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningesemaje? Kwamba mtu mzima na ndevu zake amejificha nyuma ya tangi?"

Mpiga pasi aliegemea ukuta. Kitu kilikuwa kinamrudia, kidogo sana, ambacho hakuwahi kukikumbuka kwa sababu hakikuwa na maana yoyote. Kabla jeneza halijatolewa alishika beseni la maji waliyomwogeshea mama, akatoka nalo ayamwage upande huu. Alifika pale konani. Mjomba mmoja akamwita akimuuliza sanda ya akiba iko wapi, naye akaliweka beseni chini, akarudi ndani.

"Nilikuja mpaka hapo," alisema, akionyesha kona. "Na beseni. Bado hatua chache."

"Najua," kaka alisema. "Nilikiona kivuli chako ukutani. Nikawa naomba uzunguke." Akalishusha begi chini, hatimaye, kati ya miguu yake. "Halafu wakakuita."

Mpiga pasi akapiga magoti kwenye vumbi la kichochoro, akaweka kichwa mapajani kwa kaka yake, mahali begi lilipokuwa, na kaka akaweka mkono juu ya kitambaa chake cha kichwa.